Makaburi saba kwenye malisho ya kondoo

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilipanda ndege pale KIA kwenda Uingereza kumlea mkamwana wangu. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, mama yake mzazi alishatangulia mbele ya haki, na kwetu Wachaga mzazi haachwi peke yake. Analala ndani miezi mitatu, anapikiwa, anakandwa, na usiku mtoto anapokewa mikononi ili mama yake afumbe macho kidogo. Mwanangu anafanya kazi Sheffield. Mtori wa kwanza niliupika kwa ndizi mbichi nilizozipata kwenye duka la Mpakistani mtaa wa pili, na mzazi aliumaliza bakuli zima.

Mwishoni mwa Agosti, mtoto alipofikisha wiki sita, mwanangu akaniambia, "Mama, kesho jikoni usiingie. Kuna mahali nataka nikupeleke. Wewe ulikuwa Lushoto, utapaelewa kuliko sisi."

Kwa wasionifahamu, mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa hapa Moshi, lakini nilianzia mkoa wa Tanga, na miaka ya 1990 niliwekwa kwenye timu iliyokuwa ikipanda milima ya Usambara kuifuata tauni. Najua wengi mkisikia neno hilo mnafikiria Biblia. Lushoto ilionekana 1980, ikawa inarudi na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2007 ikatokea Mbulu, ambako si mbali na Arusha. Mimi nimeigusa. Nimeona mtoki uliovimba kinenani ukubwa wa yai la kuku, mgonjwa anatembea ametanua miguu kwa sababu mapaja hayawezi kukutana, na homa yake unaisikia kupitia glavu. Tukimuwahi, sindano za streptomycin zilimrudisha. Tukichelewa, ilikuwa ni siku chache tu.

Kijiji tulichokwenda kinaitwa Eyam. Wenyewe wanatamka "Iim", basi. Kiko Derbyshire, kilomita ishirini hivi kutoka Sheffield. Basi linapanda milima isiyo na miti, na mwezi ule milima yote ilikuwa ya zambarau kwa maua ya porini, halafu linashuka kwenye barabara nyembamba yenye nyumba za mawe pande zote mbili. Wakazi hawafiki elfu moja. Zamani watu wa pale waliishi kwa kuchimba madini ya risasi na kufuga. Sasa kuna shule, duka, baa, jumba dogo la makumbusho, kondoo, na kanisa la Mtakatifu Laurenti katikati. Ukiondoa migomba ukaweka kondoo, ukubwa wake ni kama vijiji vyetu vya Old Moshi: unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho kabla uji haujapoa.

Tulikikuta kimepambwa. Watu wa Derbyshire wana desturi ya kupamba visima vyao kila kiangazi. Wanachukua ubao mkubwa, wanaujaza udongo wa mfinyanzi ulio laini, kisha wanachora picha kwa kubandika maua, jani kwa jani, mbegu kwa mbegu, hadi inatokea sura ya mtu au habari ya Maandiko. Niliinama nikatazama kwa karibu. Anga la bluu lilikuwa limepangwa kwa vipande vya ua vilivyolaliana kama vigae, kila kimoja kikubwa kama ukucha wangu wa kidole kidogo, ili mvua iteleze isiingie ndani. Kazi ya siku kadhaa, kwa picha itakayonyauka ndani ya wiki moja. Wanawake wa usharika wangu wanaopamba madhabahu wakati wa mavuno wangeelewa mara moja.

Nimesema usharika, na hapa nieleze kidogo. Sisi Walutheri tunasema usharika, Wakatoliki wanasema parokia. Waingereza wana neno moja, parish, linalobeba mambo mawili: ni eneo la kanisa lenye mchungaji wake, na pia ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, yenye baraza lake la kuchaguliwa. Mambo hayo mawili yalitenganishwa kisheria 1894, lakini kabla ya hapo kanisa ndilo lililokuwa ofisi ya kijiji. Maskini walisaidiwa kupitia usharika. Na tangu 1538, enzi za Mfalme Henry wa Nane, kila usharika uliamriwa uwe na kitabu cha kuandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Mimi nimejaza vitabu vya namna hiyo maisha yangu yote, vya wodini, na najua mtu anavyoviona ni kazi ya kuchosha mpaka siku anapomtafuta ndugu yake humo. Kwa sababu ya kitabu cha Eyam, tunawajua kwa majina watu waliokufa miaka zaidi ya 350 iliyopita.

Habari yenyewe ni hii. Mwishoni mwa Agosti 1665 fundi nguo wa kijiji alipokea mzigo wa vitambaa kutoka London, na London mwaka ule ilikuwa inateketea kwa tauni. Inasimuliwa kwamba vitambaa vilifika na unyevu, msaidizi wake George Viccars akavitandaza mbele ya moto vikauke. Niliposoma hilo niliviona viroboto kwa macho yangu, wanavyoamka wakipata joto. Tarehe 7 Septemba wakamzika Viccars. Kisha wakafuata watoto wa nyumba ile, na majirani. Nyumba zenyewe bado zipo kando ya kanisa, watu wanaishi ndani, na mbele ya kila moja kuna kibao cha kijani chenye majina ya waliokufia humo. Nilisoma kibao kimoja, wa ndani akatoka na mfuko wa takataka, akatusalimia vizuri tu.

Majira ya baridi yaliipunguza. Juni 1666 ikapamba moto upya. Hapo ndipo wakatokea wachungaji wawili, na sehemu hii ningependa wazee wa kanisa wote niliowahi kukaa nao kikaoni waisikie. Thomas Stanley alikuwa mchungaji wa zamani, watu wakimpenda, lakini aliondolewa kwa kukataa sheria ya ibada ya 1662 iliyokuja baada ya mfalme kurejea madarakani. William Mompesson alikuwa mgeni, kijana wa miaka 28 hivi, amefika 1664, na wengi hawakuwa wamemkubali. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutomtazama mwenzake usoni. Mimi nimeshuhudia usharika ukigawanyika miaka minne kwa ajili ya nani ashike funguo za ukumbi. Wawili hawa walikaa pamoja wakatoka na neno moja kwa watu wao.

Neno lilikuwa gumu. Kanisa lifungwe, ibada zifanyike bondeni, mahali panapoitwa Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine kwenye majani. Hakuna tena maziko ya kanisani: kila nyumba izike watu wake yenyewe, bustanini au shambani, upesi. Na mtu yeyote asitoke kijijini, ili maradhi yasiende kwa majirani.

Wakakubali. Wachache wenye uwezo walikuwa wameshaondoka mapema, lakini hao wengine walibaki. Chakula kililetwa mpakani. Mkuu wa eneo, Earl wa Devonshire aliyeishi kwenye jumba la Chatsworth, alisaidia kukipeleka. Kuna jiwe la mpaka kwenye njia ya kwenda kijiji jirani cha Stoney Middleton, na tulilifikia kwa miguu. Lina matundu juu yake. Waliweka sarafu humo ndani ya siki ili zisafishike, anayeleta mkate anachukua fedha, anaacha mzigo, anaondoka. Niliingiza kidole kwenye tundu moja. Kingo zimelainika kabisa, kwa mvua na kwa vidole vya watu kama mimi. Kulikuwa na maji ya mvua, na sarafu mbili za senti ambazo wageni wameziacha.

Kama muuguzi nitasema ninavyoona. Kuna wanaosema kufungiwa kule kuliwaua wengi zaidi, kwa sababu walibaki pamoja na panya na viroboto. Lakini utafiti uliochapishwa 2016, uliotumia kitabu kile kile cha usharika, ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya maambukizi yalitoka mtu kwa mtu na si kwa panya moja kwa moja. Hilo linalingana na nilichokiona Usambara. Anayefuata kuugua ni aliyemuuguza, aliyelala naye mkeka mmoja, aliyemvua nguo. Kutenganisha familia kule bondeni, kuacha kusongamana kwenye mazishi, hayo yalikuwa mambo sahihi, na waliyafanya watu ambao hawakujua kabisa kwamba kuna kijidudu. Kijidudu chenyewe kilitambuliwa 1894. Maradhi hayakuvuka mpaka. Mwisho wa yote, mwanzoni mwa Novemba 1666, waliokufa walikuwa wapatao 260.

Ndani ya kanisa kuna dirisha la vioo vya rangi la 1985 linaloonyesha habari hizi. Wageni husimama zaidi kwenye picha ya Emmott Sydall, binti wa pale aliyekuwa na mchumba Stoney Middleton. Walikuwa wakionana kwa mbali, mmoja ng'ambo hii, mwingine ng'ambo ile, mpaka siku binti hakutokea. Ni habari ya kuumiza. Mimi sikukaa hapo sana.

Nilikaa uani, kwenye kaburi la Catherine, mke wa mchungaji Mompesson. Liko karibu na msalaba wa jiwe wa karne ya 8, mrefu kuliko mwanangu, umechongwa mizabibu na malaika. Catherine aliombwa aondoke pamoja na watoto wao wawili. Watoto wakapelekwa kwa ndugu Yorkshire, yeye akakataa kumwacha mume wake na wagonjwa. Alikufa tarehe 25 Agosti 1666, ana miaka 27. Sasa nilihesabu tarehe. Amri ya kutozika kanisani ilitoka Juni. Kaburi lake la Agosti liko uani mwa kanisa. Nilimwambia mwanangu, akanyamaza. Sikumhukumu yule mchungaji, alikuwa mume aliyefiwa. Lakini nilijua tayari kwamba kuna mwanamke mwingine wa kijiji kile, mwezi ule ule, ambaye hakupewa nafasi ya kuomba. Nikamwambia mwanangu twende kwa huyo.

Njia inapanda kutoka kijijini kuelekea mashariki, mwendo wa nusu saa kwa magoti yangu. Pembeni ni malisho ya kondoo. Katikati ya malisho, peke yake, kuna ukuta wa mawe mfupi wa mviringo, kama zizi dogo. Ndani yake ni makaburi ya Riley. Moja lina jiwe pana lililolala kama meza, la John Hancock, na yanayobaki ni mawe madogo yaliyosimama, ya watoto wake sita. Mke wake aliitwa Elizabeth. Kati ya tarehe 3 na tarehe 10 Agosti 1666, siku nane, alimzika mume wake na watoto wote sita waliokuwa nyumbani. Peke yake. Hakuna jirani aliyethubutu. Wanasimulia kwamba aliwafunga kitambaa miguuni akawakokota hadi kwenye shimo alilolichimba, na kwamba watu wa Stoney Middleton walikuwa wakimtazama kutoka kilima cha ng'ambo. Mle kijijini alikuwepo mwanaume, Marshall Howe, aliyeugua akapona na akawa anazika watu kwa malipo ya mali za marehemu, wakati mwingine akiwahi kuchimba kabla mtu hajakata roho. Naye baadaye alimpoteza mke na mtoto. Elizabeth alizika mwenyewe.

Nilishika ule ukuta. Nataka niseme sawasawa kilichonipata, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Kwa Mwingereza wa wakati ule, kuzikwa shambani kwako ilikuwa ni kunyimwa. Mahali pa mtu ni uani mwa kanisa, pamoja na babu zake, kwa kengele na kwa maneno ya mchungaji. Kwetu sisi ni kinyume kabisa. Mchaga hata akifia Dar, hata Mwanza, anarudishwa kihambani, shamba la ukoo, kwa baba yake, anawekwa kati ya migomba, na hakuna adhabu kubwa kama kuachwa kwenye makaburi ya mjini. Kwa hiyo macho yangu yalipoona makaburi yale shambani, karibu na ilipokuwa nyumba yao, jambo la kwanza yaliloniambia ni kwamba wako nyumbani, wako vizuri. Kisha nikakumbuka ni nani aliyechimba. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Majembe yanashikwa na vijana wa ukoo na majirani, wanapokezana, na wanawake wako jikoni au wamekaa na mfiwa, wamemshika mabega. Mwanamke anachimba shimo la mtoto wake, anarudi ndani, anamkuta mwingine ameanza kutetemeka. Mara saba.

Nikamwona mama mmoja wa Usambara.

Ilikuwa kijiji cha juu sana, gari linaishia chini, tunapanda na makasha ya dawa mabegani. Panya walikuwa wameanza kudondoka wamekufa kutoka darini walikohifadhi mahindi. Mtoto wake wa kiume, miaka saba, alikufa saa chache kabla hatujafika. Ni watu wa Kiislamu, maiti lazima aoshwe, na mama alikuwa ameshateka maji, ameweka ndoo mlangoni. Mimi ndiye niliyetumwa nikazungumze naye kwa sababu ni mwanamke. Nikamwambia hapana, mama, huwezi kumwosha, huwezi kumshika, timu ndiyo itakayomshughulikia. Nilisema kwa upole kadiri nilivyoweza, lakini nilisema. Alinitazama muda mrefu. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na kanga, ya maua ya zambarau, upindo wa chini umechanika na kushonwa kwa uzi mweupe, akaninyoshea. "Basi mfunike na hii wewe," akasema. "Yangu, anaijua harufu yake."

Nilimfunika. Tulikuwa na glavu, tulinyunyizia dawa, tulipuliza nyumba nzima kuua viroboto, tukawapa vidonge vya kinga waliobaki. Hakuna mwingine aliyeugua katika nyumba ile. Kwenye fomu niliandika jina la mtoto, umri, jinsia, kijiji, tarehe. Hapakuwa na nafasi ya jina la mama, na sikuliandika popote. Yule mama ndiye aliyezuia ugonjwa kwenye kijiji chake kwa kutii neno la mgeni aliyevaa glavu, na mimi sijui hata nimwite nani ninapomwombea.

Mwanangu alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amesoma kile kibao cha maelezo zaidi yangu. Akaniambia, "Mama, alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki. Alikuwa anajifunza kazi Sheffield. Baada ya yote akamfuata huko." Sauti yake haikuwa ya kunipa habari.

Baba yake alifariki Mei 2020, hapa Moshi, kwa shida ya kupumua. Mnazikumbuka siku zile. Tulimzika kihambani Old Moshi siku hiyo hiyo, jioni, tukiwa watu kumi na mmoja. Waliobeba jeneza walivaa mavazi meupe hadi kichwani, hata sikujua ni watoto wa nani niwashukuru. Sisi tulisimama ng'ambo ya mfereji, na mfereji wetu ni hatua moja tu, mtoto anauruka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia shemeji zangu wasiuvuke. Nilikuwa muuguzi, ilinibidi niwe wa kwanza kutii. Mchungaji alisoma kwa sauti kubwa ili tusikie. Hakukuwa na ngoma ya msiba, hakukuwa na sufuria kwenye moto, wageni hawakukaa. Ndege zilikuwa hazisafiri, na mwanangu alikuwa Sheffield, chumbani kwake, akiangalia kwenye simu aliyoshika binamu yake mpaka mtandao ukakatika wakati wa kushusha.

Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuniuliza chochote kuhusu siku hiyo. Pale Riley, amenipa mgongo, kondoo wanatafuna, akaniuliza, "Mama, baada ya simu kukatika, ilikuwaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, tangu kamba mpaka mchanga. Kwamba kamba ya upande wa kushoto iliteleza kidogo ikashikwa. Kwamba udongo ulikuwa na maji kwa ajili ya mvua za masika, ulianguka kwa vishindo. Kwamba baba yake mdogo ndiye aliyechomeka mmea wa isale kichwani mwa kaburi, baada ya wale wa mavazi meupe kuondoka, na kwamba hapo tu ndipo tuliuvuka mfereji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kofia, akaishika mkononi, tukakaa pale mpaka baridi ikaanza kunipata miguuni.

Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu wa Eyam hufanya ibada kule kule Cucklet Delf, bondeni, kuwakumbuka. Sisi hatukuisubiri, mzazi alikuwa peke yake na mtoto. Kwenye basi kurudi mwanangu alilala begani kwangu kama alipokuwa darasa la pili.

Mompesson, kwa wanaopenda kujua, aliondoka Eyam 1669 akapewa usharika mwingine, Eakring, na inasimuliwa kwamba watu wa huko walimwogopa, wakamfanya aishi kwanza kwenye kibanda mbali nao. Hilo nalo nimeliona Usambara, kwa wagonjwa waliopona.

Nilirudi Moshi mwezi wa kumi. Wiki ya pili nilinunua daftari kubwa pale stendi, lenye jalada gumu, nikapanda na gari la Kiboriloni hadi kihambani. Nilihesabu makaburi yetu. Yapo kumi na moja. Matatu yana saruji na maandishi: baba mkwe wangu, mama mkwe wangu, na mume wangu. Manane yana isale tu. Isale ni mmea mzuri, haufi kirahisi, ndiyo maana tunauweka kwenye mipaka na kwenye makaburi na tunaubeba tunapokwenda kuomba msamaha, lakini isale haiwezi kutaja jina la mtu.

Shangazi wa mume wangu yuko karibu miaka tisini. Nilimwomba atembee nami. Alikuja na fimbo yake na kiti cha plastiki kilichobebwa na kitukuu, na kwenye kila isale tulimwekea kiti akakaa. Kwa wengine jina lilitoka kabla hajakaa. Kwa wengine alianza na mvua ya mwaka gani, nani alikuwa Mangi, yaani chifu wetu, kahawa iliuzwaje, ndipo jina likafuata nyuma. Mmoja alikuwa mama aliyekufa akijifungua, na nilikuwa nimepita juu yake na ndoo ya majani ya ng'ombe kwa miaka thelathini. Wawili walikuwa watoto waliokufa kwa surua wiki moja. Niliandika kila kitu: jina, jina la baba, na safari hii jina la mama.

Likabaki isale moja, lile la chini kabisa karibu na mfereji, nyuma ya mgomba wa mwisho. Shangazi alikaa pale kwa muda mrefu. Alijua ni mtoto wa kike, alijua alikuwa wa dada yake mkubwa, alikumbuka hata rangi ya shuka. Jina halikuja. Machozi yalimlenga. "Ngoja nikalale," akaniambia. "Nikilala litarudi."

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, simu ililia. Hakunisalimu wala hakungoja shikamoo yangu. Alitaja jina, akalirudia mara mbili, akaniambia niwashe taa niandike kabla halijaondoka tena.